Mpiga pasi anayekionea wivu kiti cha dada yake

Mvuke unapanda, uso wake unapotea, kisha unarudi. Blauzi ya samawati imelala kifudifudi mezani, mikono imetandazwa kama ya mtu aliyekamatwa. Kola anaishusha pasi begani, anaivuta taratibu, anainyanyua kabla kitambaa hakijalalamika.

Kifuani mwa blauzi hiyo imedariziwa nembo ya kampuni inayotengeneza programu za kompyuta. Jengo la kampuni ni lile la vioo, upande wa pili wa barabara. Mwenye blauzi ni dada yake.

"Ananiletea mimi ili anikoge, au ananiletea kwa sababu hakuna anayepiga pasi vizuri kuliko mimi," anasema bila kuinua macho. "Sijamuuliza. Jibu lolote litaniudhi."

Wanawake wawili anaofanya nao kazi kwenye meza hiyo wanacheka.

"Mwandishi, andika kwamba huyu ana gere," anasema mmoja wao.

"Andika!" Kola anadakia. "Tena kwa herufi kubwa. Nina wivu nikiamka, nina wivu nikila, na nikilala naota nina wivu. Sijamwibia mtu."

Jina la Kola alipewa hapa kwenye duka la dobi, kwa sababu kola ya shati ikipita mikononi mwake husimama kama askari wa gwaride. Ana umri wa miaka ishirini na miwili. Anachonyoosha tangu asubuhi hadi jioni ni nguo za watu wa ofisini. Anachokitaka ni kuwa mmoja wao: kukaa mbele ya kompyuta, kuandika programu, na nguo zake zipigwe pasi na mtu mwingine.

Si ndoto ya kukaa barazani. Kola tayari anaandika programu. Tatizo ni kwamba lugha ya kazi hiyo ni Kiingereza, kuanzia somo la kwanza hadi tangazo la ajira, na Kiingereza hakikuwahi kumbishia hodi.

Mama yake alifariki Kola akiwa darasa la sita. Alichukuliwa na mama yake mkubwa, ambaye ni mkunga, akakuta nyumba hiyo ina binti aliyemzidi mwaka mmoja. Binti huyo alikuwa akisoma shule ya kulipia, ya Kiingereza tangu chekechea. Nyumbani walimwita Msomi, na jina likamganda.

Asubuhi mabinti hao wawili walitoka mlango mmoja, wakafika njia panda, mmoja akaingia kwenye basi la shule lenye pazia, mwingine akaendelea kwa miguu.

"Pazia!" anasema Kola. "Basi la shule lina pazia la nini? Watoto wana siri gani? Nililionea wivu lile pazia kabla sijamwonea wivu dada."

Mama mkubwa halikwepi suala hilo. Ameketi kwenye kochi la sebuleni kwake, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu baada ya zamu ndefu.

"Pesa ilikuwa ya mtoto mmoja, na mmoja nilikuwa nimeshamwanzisha," anasema. "Ningefanyaje, nimkate mwalimu vipande viwili? Kola alijua. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa akininyamazia tu, na ule unyamavu wake ndio ulionichoma."

Msomi alipomaliza shule alinunuliwa laptopu ya mtumba, nzito kama tofali. Alitaka kujifunza kuandika programu kwa video za bure za mtandaoni. Mafunzo yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza alikuwa nacho. Alichokosa ni subira. Video ikifika mahali pagumu, aliifunga na kwenda kujitazama kwenye kioo.

Kola alikuwa akizisikiliza kutoka upande wa pili wa chumba, akipiga pasi nguo za nyumbani. Siku moja aliuliza, "Huyo mzungu anasemaje hapo?" Msomi akamtafsiria. Kola akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwambie kompyuta aanze na mikono yote miwili, ndipo aende kwenye kola. Akianza na kola ataikunja tena." Msomi akajaribu kupanga mistari ya programu kwa utaratibu huo. Ikakubali.

Hapo ndipo walipoanza mtindo wao, na walidumu nao zaidi ya mwaka. Msomi alisikiliza na kutafsiri kwa sauti. Kola aliwaza, kisha akaandika. Mmoja alikuwa masikio na mdomo, mwingine kichwa na vidole.

Msomi aliyapa mambo majina ya nyumbani. Mahali pa kuhifadhia namba palikuwa "sanduku". Amri ya kurudia jambo mara nyingi ilikuwa "zungusha". Kola aliyajua masanduku na mizunguko yote. Majina yake ya Kiingereza aliyaandika kwenye kibodi kama mtu anayenakili mchoro, bila kuyatamka.

Na kulikuwa na maandishi mekundu.

Mtu akikosea kuandika programu, kompyuta humjibu kwa maandishi mekundu. Kila yalipotokea, Kola aliuliza, "Yanasemaje?" Na kila mara Msomi alijibu vilevile: "Imekataa tu. Jaribu tena."

Kola akajaribu tena. Alirudi juu, akapitia mstari mmoja baada ya mwingine hadi chini, akitafuta kosa kama anayetafuta sindano kwenye godoro. Wakati mwingine jioni nzima iliishia hapo.

"Nilidhani ni matusi," anasema, akiitundika blauzi kwenye hanga. "Kweli kabisa. Nilidhani kompyuta ikikasirika inatukana kwa Kiingereza. Nikawa nageuza macho. Nani anapenda kusoma matusi yake?"

Kwa njia hiyo ya mzunguko, walitengeneza programu ya duka la dobi, ambako Kola alikuwa ameshaanza kazi. Kabla yake, mteja alisimama kaunta huku wafanyakazi wakipekua rafu, na suruali ya mwalimu iliweza kwenda kwa mchungaji. Sasa namba ya nguo ikiingizwa, kompyuta ya kaunta inataja rafu ilipo.

"Tangu ianze kutumika sijagombana na mteja," anasema mwenye duka, mzee mwembamba anayevaa kanzu nyeupe isiyo na kunjo hata moja. "Tena nimepungukiwa. Ugomvi ulikuwa unanichangamsha."

Kampuni ya ng'ambo ya barabara ilipotangaza nafasi ya kujifunza kazi huku ukilipwa, Msomi ndiye aliyesoma tangazo, na Msomi ndiye aliyekwenda. Aliwaonyesha programu ya dobi. Aliieleza kwa Kiingereza chake laini. Walipomuuliza kama aliiandika peke yake, alisema alisaidiana na mdogo wake.

"Alisaidiana," Kola anarudia. Analitamka neno hilo kama anayetema mbegu ya ndimu.

Msomi alipata kiti. Kola alibaki na meza ya pasi, na mshahara ambao theluthi yake humezwa na bando la intaneti. Kutoka anaposimama, kati ya pazia la mvuke na kioo cha dirisha, anaiona ghorofa ya pili ya jengo lile. Anamjua dada yake kwa mgongo tu. Anajua saa anayonyanyuka kwenda kuchukua chai. Anajua kiti chake kina magurudumu.

"Anajizungushazungusha akiwaza," anasema. "Kazi hafanyi, anazunguka tu."

"Umejuaje hafanyi?" mwenzake anamchokoza.

"Mimi namjua huyu. Akifanya kazi hutoa ulimi nje kidogo."

"Unauona ulimi kutoka hapa?"

"Wivu una macho makali, dada yangu."

Msomi alipopewa kompyuta mpya ya ofisini, ile laptopu nzito alimwachia mdogo wake. Jumapili ya kwanza Kola aliifungua peke yake. Akaandika programu ndogo, akabonyeza, yakatokea maandishi mekundu. Akageuka kumuuliza dada. Dada hakuwapo. Alikuwa saluni, anasuka kwa pesa ya mshahara wake.

Kola akayatazama yale maandishi. Akachukua simu, akayaingiza kwenye programu ya kutafsiri, neno moja moja, akikagua kila herufi.

Jibu lilikuja kwa Kiswahili cha kigugumizi, lakini lilieleweka. Halikuwa tusi. Lilisema kosa liko mstari wa tisa. Lilisema kuna sanduku ametaja jina lake kabla ya kuliunda.

Akaenda mstari wa tisa. Kosa lilikuwa pale, limekaa kama mgeni anayesubiri kukaribishwa.

"Nilishusha mikono," anasema. Ndiyo mara pekee katika mazungumzo haya ambapo anaiweka pasi pembeni. "Mwaka mzima! Kompyuta ilikuwa inanionyesha kwa kidole, kosa hili hapa, mstari huu hapa, na mimi nageuza macho. Kisha nikamkumbuka dada. Yeye Kiingereza anakijua. Yeye alikuwa akiyaona."

Msomi aliporudi na nywele mpya, Kola alikuwa amekaa mlangoni. Mama mkubwa, aliyekuwa akichambua mchele, anasema hakuwahi kusikia sauti ya Kola ikifika pale ilipofika siku hiyo.

"Yale mekundu yanasemaje?"

"Mekundu gani tena? Hata sijavua viatu."

"Yanasemaje, dada?"

Msomi anasema alitaka kudanganya kwamba hakuwahi kuyasoma vizuri. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Akaimeza.

"Nilimwonea wivu," anasema Msomi. Amekubali kuzungumza wakati wa mapumziko ya mchana, kwenye benchi la nje ya ofisi yake, kitambulisho kikining'inia shingoni. "Mnaniangalia mimi, mnaona Kiingereza. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya mdogo wangu. Nilikuwa namsomea kitu nisichokielewa, naye anakielewa kupitia mdomo wangu mwenyewe! Unajua inavyouma, kuwa bomba la maji halafu uwe na kiu?"

Anakizungusha kitambulisho.

"Niliyasoma yale maandishi siku ya kwanza kabisa. Nikajiambia, akiyajua haya, atanihitaji kwa lipi?"

Nyumba iliganda kwa miezi. Mabinti walipishana mlangoni kama wapangaji. Msomi alianza kupeleka nguo zake kwa dobi, kwa sababu nyumbani hakuna aliyethubutu kumgusia Kola habari za pasi. Mwenye duka alipoombwa awapatanishe, alikataa katakata.

"Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime," anasema. "Mimi nilishika jembe langu. Blauzi zilikuwa zinakuja, na blauzi zinalipiwa."

Kola hakukaa bure. Hasira ilimwamsha, wivu ukamkalisha darasani. Kila neno jekundu lililomtokea alilitafsiri, akalitamka, akalitumia. Akagundua kwamba kompyuta haina msamiati mkubwa wa kulalamika. Makosa ni yaleyale, malalamiko ni yaleyale. Baada ya muda hakuhitaji simu. Kiingereza chake cha kwanza hakikuwa salamu wala hali ya hewa. Kilikuwa lugha ya makosa.

"Sijui kuagiza chai kwa Kiingereza," anasema. "Lakini ukikosea, naweza kukwambia umekosea wapi."

Mwezi uliopita kampuni ilitangaza tena nafasi, moja tu. Kola alijaza maombi mwenyewe. Msomi aliliona jina la mdogo wake kwenye orodha ya walioitwa akiwa kazini. Nyumbani hakusema neno. Siku ya usaili alimkuta Kola bafuni akipiga mswaki, akamwambia, "Chumba chao kina baridi. Vaa kitu kizito." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote walizokuwa wameambizana tangu ugomvi.

Waombaji walikuwa watano. Kila mmoja aliingia peke yake. Ndani walikaa watu watatu: mkuu wa idara, ambaye ni mwanamama mwenye miwani minene, kijana mmoja mwenye ndevu, na pembeni kabisa, kwa kuwa yeye mwenyewe bado yuko kwenye mafunzo hayo, Msomi.

Kola alipewa programu ya zahanati inayowatumia wagonjwa ujumbe wa kuwakumbusha tarehe ya kurudi. Ilikuwa ikiwatumia baadhi yao ujumbe uleule mara mbili. Aliambiwa atafute sababu.

Aliiendesha. Akasubiri maandishi mekundu. Hayakuja.

"Nilishangaa," anasema. "Nimejifunza mekundu mwaka huu wote, halafu naletewa programu isiyolalamika! Inakosea huku inatabasamu."

Hakuna wa kumwonyesha kwa kidole. Akarudi kwenye njia yake ya zamani, juu hadi chini, mstari kwa mstari, kama mtu anayekagua shati: mkono, mkono, kola, kifua. Ilichukua muda. Chumba kilikuwa kimya, na Kola alikuwa kimya zaidi ya chumba. Kisha akaliona. Mgonjwa mwenye namba mbili za simu alihesabiwa kama wagonjwa wawili, na namba zote mbili zikiwa zake, akapigiwa hodi mara mbili.

Akarekebisha. Ikakubali. Mkuu wa idara akamwambia kwa Kiingereza aeleze alichofanya.

Hapo ulimi ukakwama. Majina aliyoyajua ya vile vitu yalikuwa ya Msomi: sanduku, zungusha. Mkuu wa idara akamgeukia Msomi, akamwashiria kwa kichwa, msaidie. Msomi akanyanyuka.

"Kaa, dada," Kola akasema.

Msomi anaikumbuka sauti hiyo. "Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwambia mgeni akae apumzike. Nikakaa."

Kola akaeleza kwa Kiingereza cha vipandevipande. Sanduku alilitaja kwa neno la sanduku la kawaida, lile la kuwekea viatu. Mzunguko aliuchora hewani kwa kidole. Kijana mwenye ndevu aliuliza swali, Kola akaomba lirudiwe, likarudiwa, akajibu. Alipotoka, jasho lilikuwa limelowesha mgongo wa koti alilolivaa dhidi ya baridi.

Nafasi hakuipata.

Ilikwenda kwa kijana aliyeingia baada yake. Simu ya mkuu wa idara ilimkuta kwenye meza ya pasi. Aliambiwa alikuwa wa pili, na kwamba miezi sita ijayo watafungua tena mlango, aombe.

"Nikamuuliza mkuu kama huyo kijana aliliona kosa," Kola anasimulia. "Nilikuwa naomba Mungu aseme hakuliona. Akasema aliliona, tena haraka kuliko mimi. Basi nikakosa hata pa kulaumu! Ningekuwa na dhuluma ningekaa nayo vizuri. Nimepewa haki, na haki inauma jamani."

Akauliza pia alipungukiwa nini. Alitarajia kusikia Kiingereza. Mkuu wa idara akamwambia kitu kingine: Kiingereza cha vipande kinatosha kuanzia, lakini alifanya kazi kimya mno. Kijana yule alikuwa akisema anachowaza tangu mwanzo, hata alipopotea njia walijua amepotelea wapi. "Wewe tulikuona mgongo tu," alimwambia.

Gazeti hili lilipomuuliza Msomi kuhusu hilo, alitazama chini. "Kusema ilikuwa kazi yangu," anasema. "Mimi nilisema, yeye aliandika. Nilipoondoka niliondoka na mdomo."

Jioni ya siku ile ya simu, Msomi alikwenda dukani na nguo zake kama kawaida. Alimkuta Kola anafunga. Walitembea pamoja hadi nyumbani, na waliyoambizana njiani kila mmoja anayasimulia tofauti. Msomi anasema aliomba msamaha. Kola anasema hakusikia msamaha wowote, alisikia mtu anapiga kelele za pua kwa kilio. Wanakubaliana juu ya jambo moja: kabla ya kufika mlangoni walikuwa wameshapangiana ratiba.

Jumamosi mchana, sebule ya mama mkubwa hugeuka chumba cha usaili. Kola hukaa mbele ya ile laptopu nzito na kuandika huku akisema kwa Kiingereza kila anachokiwaza, hata upuuzi. Msomi haruhusiwi kutafsiri. Anaruhusiwa kuuliza tu.

"Sasa hivi unafanya nini?" huuliza kwa Kiingereza.

"Nafikiri," hujibu Kola.

"Nafikiri si jibu. Unafikiri nini?"

"Nafikiri nikurushie mto."

"Sema hivyo kwa Kiingereza!"

Nusu ya pili ya mchana viti hubadilishwa. Msomi huleta jambo lililomshinda ofisini, kwa sababu yapo, na mafunzo yake yanakwisha kabla ya mwaka kwisha bila hakika ya kubakizwa. Kola hamfanyii. Humsumbua kwa maswali hadi aone mwenyewe. Mama mkubwa anasema kelele ni nyingi kuliko wodi ya wazazi, lakini hajawaambia wapunguze.

Kijana aliyepata nafasi ameshaanza kazi. Juzi alileta mashati yake manne kwa dobi, na Kola ndiye aliyeyapokea. Aliyapiga pasi yote, akamrudishia, akamuuliza kaunta palepale, kwa Kiingereza, aliliona kosa la zahanati kwa njia gani. Kijana akamweleza. Ilikuwa njia fupi kuliko yake, na Kola hakuzungumza na mtu hadi muda wa kufunga.

Miezi sita ijayo ataomba tena. Akikosa, ataomba tena baada ya hapo. Mwenye duka ameshaambiwa atafute mpiga pasi wa akiba, na anajifanya hakusikia.

Kuhusu wivu, Kola anasema asiulizwe kama umepona, kwani hajautafutia dawa.

"Wakinipa nafasi, nitaomba kitu kimoja," anasema, akishika shati linalofuata. "Wanikalishe karibu na dada. Karibu kabisa, viti viguse. Mimi nimwone anavyofanya kazi, naye anione, tuoneane wivu mchana kutwa. Hapo ndipo hiyo kampuni itakapojua imeajiri watu."